Pete Tatu za Mtambo wa Tisa

Jumapili, alasiri

Dada yangu mpenzi,

Salamu nyingi zikufikie hapo ulipo, katikati ya miwani yako na wateja wako wasioziona herufi za mstari wa mwisho lakini wanaapa kwamba wanaziona. Mimi ni mzima wa mwili. Mafua yaliyokuwa yananisumbua yameondoka yenyewe, mguu nilioutegua kwenye ngazi umepona, na ninakula vizuri, kwa hiyo usianze kuniuliza kama ninakula. Wewe hali yako? Mgongo umetulia, au bado unainama kutwa nzima juu ya mashine ya kusaga lenzi? Na mpwa wangu, jino la mbele limeshaota, au bado anatuchekea na dirisha wazi? Habari za shemeji siulizi. Ndizo zilizonikalisha hapa na kalamu, kwa hiyo nitazifikia.

Utashangaa kupata karatasi badala ya simu. Nimekupigia mara nne tangu Jumatano, na mara zote nne amepokea shemeji, kwa sababu simu yake ameizima ili watu wa kazini wasimpate, na yako anakaa nayo yeye. Mara zote nne nimemwuliza kama mvua imenyesha huko. Mara ya nne aliniambia kwa upole kwamba kama nina shamba mahali niseme tu, anikagulie mipaka. Tulicheka, tukaagana, nikabaki nimeishika simu kama niliyesahau inavyozimwa. Ndiyo maana barua hii nimempa dereva wa gari la vipuri, anayepita mtaani kwenu Jumatano. Nimemwambia akukabidhi wewe mkononi, tena dukani. Tafadhali kaa chini kabla ya kuendelea.

Barua yako niliipata Jumanne. Uliniuliza mambo mawili. La kwanza, nini hasa kilitokea kwenye mtambo wa tisa, maana shemeji ukimwuliza anazunguka mpaka mnarudi pale mlipoanzia. La pili, kama ni kweli amekosea kama anavyosema, kwa sababu wewe kama mkewe unataka kujua unamfariji mtu aliyekosea au unamfariji mtu aliyeonewa. Halafu mwisho kabisa, kama jambo dogo tu, ukaandika habari za saa ya ukutani. Kwamba imesimama saa kumi na dakika kumi tangu wiki iliyopita, ukanunua betri, ukampa shemeji azitie. Akazigeuzageuza mkononi, akakuuliza upande gani unakaa juu, akaziweka mezani, akaenda kulala. Mume wako, mtu wa miaka kumi na tisa katika kazi ya umeme, anakuuliza betri za saa zinakaaje. Nilipofika hapo niliiweka barua chini nikaenda kunawa uso.

Nitakujibu yote mawili. Ila nivumilie, nitakueleza kwa mpangilio ule ule nilivyoyajua mimi, kwa sababu nikianzia mwisho hutanielewa, na pengine hutamaliza kusoma. Kichwa changu siku hizi ni kabati lililomwagwa sakafuni. Ninaokota kimoja kimoja.

Wewe kazi yangu huwa unaiita kuangalia mafeni, na nimekuachia miaka yote kwa kuwa inakuchekesha. Leo nisikilize vizuri. Upepo hauna msimamo, unavuma, unalegea, unavuma tena, kwa hiyo na umeme unaotoka kwenye jenereta kule juu unakuja kwa papara. Huwezi kuupeleka hivyo hivyo kwenye majumba ya watu. Chini ya kila mnara kuna chumba, na ndani ya chumba kuna kabati la chuma refu kuliko shemeji, tunaliita kigeuzi. Linaupokea ule umeme wenye papara, linautuliza, halafu linautoa ukiwa unakwenda hatua moja na umeme wa gridi ya taifa. Kazi hiyo inafanywa na swichi ambazo hazishikwi na mkono wa mtu, zinafunga na kufungua maelfu ya mara kwa sekunde moja. Anayeziambia zifunge lini na zifungue lini ni kompyuta ndogo, na anayeifundisha ile kompyuta ni mimi.

Sasa, kompyuta haiwezi kuudhibiti mkondo isiouona. Macho yake ni pete tatu, kila moja imezunguka waya mmoja mnene, na ubavuni mwa kila pete kuna mshale mwekundu unaoonyesha mkondo unaelekea wapi. Mkondo ukizidi kiasi kilichotakiwa, kompyuta inapunguza. Ukipungua, inaongeza. Kazi yetu yote ndiyo hiyo, mengine ni mapambo. Lakini pete zikivalishwa kinyume, kila kitu kinageuka. Mkondo unapanda, kompyuta inaona unashuka, inaongeza, unapanda zaidi, inaongeza tena, na kufumba na kufumbua swichi zinapasuka. Shika hapo, usiachie.

Siku ya tukio, kama unavyojua, shemeji alikuwa kwenye ukaguzi wa mwaka wa mtambo wa tisa. Huko kazini tunamwita Tochi, kwa sababu ya ile tochi ya mfuko wa shati anayotembea nayo hata jua likiwa utosini. Akaingiza tochi yake nyuma ya nyaya, mahali ambapo mkaguzi mwingine angepita tu, akaona mishale mitatu yote imeelekea upande usio wake. Akazima umeme, akafungua nyaya za shaba zinazopita ndani ya pete, akazigeuza pete zote tatu, akafunga. Kwenye karatasi ya ukaguzi akaandika kwa mwandiko wake ule wa kuchapa kwamba pete tatu zilikuwa kinyume na zimegeuzwa. Akafunga mlango wa kabati, akauwasha mtambo. Dada, mlango ule ndio uliomwokoa. Ulinzi ulikata, lakini swichi mbili zilikuwa zimeshapasuka, na kadi ya kompyuta ikaungua pamoja nazo. Nilipofika mbio nilimkuta ameegemea ukuta, moshi umejaa chumbani, masikio yamemziba, ameishika tochi inawaka mchana kweupe. Aliniambia kwa sauti kubwa, kama mtu asiyejisikia, kwamba alizigeuza upande ulio sawa. Akarudia mara tatu kwamba upande ulikuwa sawa.

Hapo ndipo kuchanganyikiwa kulipoanza, kwake na kwetu sote.

Waliotengeneza vigeuzi walimtuma mtu wao, ambaye sisi tulimwita Mtaalamu, mtu mwembamba anayezungumza taratibu kama anayesoma karatasi. Akakagua pete, mishale ilikuwa imeelekea sawa. Akaniomba faili la maagizo ya kompyuta, nikampa faili letu la pamoja, lile tunaloanzia kwenye mitambo yote, kwa sababu kadi ya mtambo wa tisa ilikuwa imebaki mkaa. Akalisoma, lilikuwa sawa. Pete sawa, maagizo sawa, na kabati limepasuka. Mtaalamu akashika kidevu siku nzima, na mimi nikashika changu.

Akahamia kwenye njia ya kuudhibiti mkondo. Zipo nyingi, lakini tulijaribu tatu kwenye meza ya majaribio. Ya kwanza ni ya kizamani, unauwekea mkondo uzio, ukigusa uzio wa juu swichi inakata, ukigusa wa chini inaunganisha tena, basi. Ya pili, ambayo ndiyo tunayotumia, inaangalia kosa la sasa hivi na kukumbuka makosa yote yaliyopita, inasahihisha polepole. Ya tatu inakokotoa mapema kila swichi ikifungwa itatokea nini, halafu inachagua lenye heri. Hii ya tatu shemeji huwa anaiita ramli, na ukimweleza kwamba ni hesabu tupu anakwambia hata wapiga ramli husema hivyo. Tulizijaribu zote kwa siku tatu. Mtaalamu alisema ya pili inakumbuka mno, nikamwambia ya kwanza haikumbuki kabisa, akasema basi tuone ya tatu. Meza haikutoa hata cheche. Kila njia ilitulia kama maji ya mtungi. Jioni nilirudi chumbani nikiwa sielewi kichwa wala miguu, na sikuwa nakudanganya uliponiuliza kwa simu nikakwambia sijui.

Ikaja kikao cha kwanza. Hiki shemeji hakukusimulia, najua, kwa sababu nilimwona alivyotoka. Mkuu wa kituo alikaa katikati, Mtaalamu kulia kwake, mimi kushoto, na shemeji peke yake upande wa pili wa meza kama anayeomba kazi. Mkuu akaisoma karatasi ya ukaguzi kwa sauti, ile iliyosema pete zilikuwa kinyume. Mtaalamu akasema kwa upole kwamba jambo hilo ni gumu kulikubali. Mtambo ulifanya kazi miezi kumi na minne bila kukohoa. Kama pete zingekuwa kinyume tangu mwanzo ungepasuka siku ya kwanza. Kwa hiyo, akasema, mishale ilikuwa sawa, fundi akazigeuza zikawa kinyume, mtambo ukapasuka, na baada ya kupasuka kuna mtu amezirudisha zilivyokuwa ili kufunika. Hakumtaja mtu. Chumba kizima kiliangalia mikono ya shemeji.

Mkuu akanigeukia. Akaniuliza, kama mwenye dhamana ya mkondo, je, inawezekana mtambo kufanya kazi miezi kumi na minne pete zikiwa kinyume. Dada, nilijibu kwamba haiwezekani. Nilisema hivyo mbele yake, kwa sauti ile ile ninayotumia kusoma vipimo. Nikaongeza na sababu, eti ili nieleweke.

Shemeji aliniangalia. Hakukasirika, afadhali angekasirika. Aliniangalia kama mtu anayetafuta jina la mwenzake aliyemsahau. Kisha akainamisha kichwa akasema kwamba basi labda amekosea yeye, labda macho yake yameanza kuchoka, labda aliuona mshale ndivyo sivyo. Alipoulizwa kama alizirudisha pete baada ya mlipuko, akasema hakumbuki kufanya hivyo, lakini kama haiwezekani kuwa vingine basi huenda alifanya. Akachukua kalamu akaandika kwamba kosa ni lake. Wakamsimamisha kazi, na Alhamisi hii kikao cha pili ndicho kitakachoamua kama cheti chake cha kufanyia kazi umeme mkubwa kinafutwa. Nawe unajua cheti kile kikifutwa, hakuna kituo kitakachompa hata bisibisi, na si kwa kukosea tu, bali kwa kuitwa mtu anayefunika makosa.

Nilitoka pale nimechanganyikiwa kuliko nilivyoingia. Ninamjua shemeji. Yule akivunja glasi kwenye nyumba ya watu anakaa nayo mlangoni kuwasubiri wenyewe. Lakini hesabu ni hesabu, na hesabu zilisema haiwezekani. Wiki mbili nzima nilikuwa na watu wawili kichwani, mmoja anamwamini shemeji na mwingine anaamini meza ya majaribio, na wote wawili wanaongea kwa pamoja.

Ndipo ikaja barua yako na zile betri.

Niliponawa uso nilirudi nikakaa, nikarudia ile sentensi, upande gani unakaa juu. Upande wa kujumlisha au upande wa kutoa. Jumatano asubuhi nikafungua kompyuta yangu ya zamani, ile yenye kifuniko kilichopasuka, ambayo niliitumia tulipokuwa tunaiwasha mitambo kwa mara ya kwanza. Ndani yake kulikuwa na nakala ya maagizo ya mtambo wa tisa wenyewe, si lile faili la pamoja. Nikaifungua nikashuka mstari kwa mstari. Mbele ya vipimo vya zile pete tatu kulikuwa na alama ya kutoa. Kamstari kafupi tu. Kwenye mitambo mingine yote hakamo.

Alama ile niliiweka mimi.

Nikueleze, halafu unihukumu. Siku ya kukabidhi kituo, miezi kumi na minne iliyopita, viti vilipangwa uwanjani, wageni wakavalishwa kofia za kazi zilizowapwaya, na mtambo wa tisa ndio uliochaguliwa kuwashwa mbele yao. Mimi niliingia mapema kuupima kwa mkondo mdogo, na mara moja nikaona vipimo vinakuja kinyume. Nikajua ni pete. Nani alizifunga nilijua pia. Shemeji alizifunga wiki moja kabla, akifuata mchoro wa makabati yanayofunguka upande mwingine, kosa ambalo yeyote angelifanya na mimi ningelifanya kabla yake. Kuzigeuza kungechukua nusu siku. Na ningelazimika kutoka nje, niwaambie Mkuu na wageni wote kwamba tusubiri, fundi wetu amezivalisha kinyume. Fundi mwenyewe alikuwa amesimama mlangoni na shati ulilompigia pasi wewe, anawaonyesha watu pa kukaa. Mtu huyo ndiye aliyenipeleka kituoni, ndiye aliyemwambia Mkuu kwamba mdogo wa mke wangu anajua hesabu, mjaribuni. Nisingeweza. Nikaweka alama ya kutoa mbele ya vipimo vitatu, kazi ya sekunde tano, mtambo ukanguruma vizuri, watu wakapiga makofi, na Mkuu akampa shemeji mkono mbele ya wote. Nilisimama nyuma nikajiona mwerevu sana.

Wewe utanielewa kuliko Mtaalamu, maana karatasi zako za vipimo vya macho zimejaa alama hizo za kujumlisha na kutoa. Mtambo wa tisa ulikuwa na jicho lililopinda, nami nikauvisha miwani kwa siri, ukaona sawasawa. Mwaka ukapita. Shemeji akaja na tochi yake akaliponya jicho, bila kujua kuna miwani.

Nilipanga kumwambia jioni ile ile. Nilikuja kwenu, kumbuka, mkanipa kiti cha karibu na dirisha, na shemeji akawa anamsimulia mpwa wangu jinsi Mkuu alivyompa mkono, akaigiza mpaka na sauti ya Mkuu. Nikasema nitamwambia Jumatatu. Jumatatu nikasema tukiwa wawili. Kwenye daftari la kituo sikuandika, kwa sababu kuliandika ni kumtangaza, na nilitaka kumsitiri. Baadaye nikasahau. Hapo ndipo sijielewi mpaka sasa, kama nilisahau kweli au nilijisahaulisha. Najiuliza kila siku na kila siku napata jibu jingine. Ninachojua ni kwamba niliyetaka kumsitiri ndiye niliyemvua nguo mbele ya watu, na nilipoulizwa nani kamvua nikasema haiwezekani awe mwingine ila yeye mwenyewe.

Limebaki moja, na hili ndilo linalonikaba. Asubuhi ya tukio, nikiwa chumba cha chai, shemeji alinipigia simu. Hakuniambia yuko mtambo gani wala kwa nini anauliza. Aliniuliza tu mishale ya pete inatakiwa ielekee wapi, nikamjibu kama ilivyo kitabuni, ielekee gridi, nikakata simu nikarudi kwenye kikombe changu. Haikuchukua hata dakika. Yeye hakuzigeuza kwa kubahatisha. Aliniuliza mimi kwanza, mwenye dhamana ya mkondo, na mimi nikamwambia geuza.

Na pale kikaoni hakusema. Walimweka kwenye kona, wakamwita mfunikaji bila kumwita, mimi nikakaa pale nikamkana kwa hesabu zangu, na sentensi moja tu ingemtoa, kwamba kabla ya kuzigusa alimpigia simu huyu hapa na huyu hapa alimjibu. Hakuisema, si siku ile wala kwenye karatasi aliyoandika. Naona hata wewe hakukwambia, maana barua yako haina habari za simu hiyo. Nimejiuliza kwa nini, na jibu ninaloliona ni lile lile langu la siku ya viti uwanjani. Hakutaka mdogo wa mke wake aaibike mbele ya Mkuu. Nyumba moja, watu wawili wanafichiana aibu, na katikati yao kabati la chuma linapasuka.

Jana asubuhi niliingia kwa Mkuu na kompyuta yangu yenye ufa. Nilimwonyesha kile kistari. Hakuelewa, nikamweleza, hakuelewa tena, akamwita Mtaalamu. Mtaalamu aliangalia kwa muda mrefu, kisha akavua miwani yake akaniuliza kama ninajua kwamba mtu angeweza kufa. Nikamwambia najua, tena najua ni nani. Tukakitia kile kistari kwenye meza ya majaribio na pete zikiwa sawa, na mkondo ukapanda kama mwehu mpaka ulinzi wa meza ukakata. Tukazigeuza pete kinyume, meza ikatulia. Ilikuwa mara ya kwanza katika wiki nne kuona kitu kinachoeleweka, na nilitamani kisieleweke.

Nimeandika maelezo yote, na ile simu ya asubuhi nimeiandika na saa yake. Mkuu amegonga muhuri, nakala iko ndani ya bahasha hii. Imebidi niandike pia kwamba shemeji alizifunga pete kinyume siku za mwanzo. Nilitaka kuliruka hilo, mkono ulikuwa tayari umeshaanza kuliruka, nikajikamata. Alikosea mara moja, kama anavyokosea mtu yeyote mwenye mchoro mbaya, na aliliona kosa lake mwenyewe, akalisahihisha mwenyewe, akaliandika kwa mwandiko wa kuchapa. Mkuu amesema Alhamisi anamtaka kikaoni, na safari hii atakaa upande wao wa meza. Upande ule mwingine nitakaa mimi. Tangu leo nimesimamishwa kazi, kabati langu la nguo nimelifunga na funguo nimeziacha kwa mlinzi. Kitakachofuata kwangu sikijui, wala sitaki umwombe shemeji anisemee. Atataka kunisemea. Mzuie.

Sijui uniite nini baada ya kusoma haya. Sijui kama nimefanya kosa moja au matatu, wala lipi ni kubwa, kuweka kile kistari, kutokiandika, au kusema haiwezekani. Ninayapanga upya kila nikiamka na kila siku yanakaa tofauti. Ila maswali yako mawili hayanichanganyi tena. Kilichotokea ni mimi. Na mtu unayemfariji ameonewa.

Msomee barua hii ukirudi nyumbani, au mpe asome mwenyewe, mimi kwa mdomo nimeshindwa mara nne. Mwambie naomba radhi, na kwamba akitaka kunijibu kuhusu mvua tu, nitaelewa. Mbusu mpwa wangu mahali penye lile dirisha. Wasalimie majirani wanaoniuliza, na wasioniuliza pia. Nakutakia mgongo mwepesi, wateja wanaosema kweli, na usingizi mzuri usiku wa Jumatano.

Ni mimi mdogo wako, niliyekuwa naitwa Kidomodomo na nikanyamaza pale pasipotakiwa.

Nyongeza: Zile betri mbili bado ziko mezani? Mpe tena azitie kwenye saa. Usimwonyeshe upande. Anaujua.